Mkaza mwana hataki tena kuzalia hospitali

SWALI: Dada Mkunga, pokea salamu kutoka Ahero. Mkaza mwana wangu ana mimba ya miezi saba. Kifungua mimba alimzalia hospitali ya umma, na akiwa katikati ya uchungu nesi akamzaba kofi pajani: "Ulipoitafuta hii mimba mbona hukulia?" Sasa ameapa atazalia kwa nyamrerwa, mkunga wa jadi wa hapa kijijini. Mwanangu anataka nimlazimishe aende hospitali. Nifanyeje? – Mama mkwe

JIBU: Mama, usimlazimishe. Huyo binti si mkaidi wala mshamba. Hajasahau, basi.

Acha niungame kwanza. Nimezalisha wanawake hapa Kisumu miaka 32, na maneno ya huyo nesi yamewahi kunitoka mimi mwenyewe. Usiku ule tulikuwa manesi wawili, akina mama 14, na glavu zimetuishia. Kuchoka tulichoka kweli, ila yule mama hakuwa ndiye aliyetunyima glavu. Mpaka leo nikikutana naye sokoni huinama kuchagua nyanya ili nisimwone usoni.

Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamua kesi ya mama aliyeenda kujifungua katika hospitali ya umma Agosti 2013, miezi miwili tu baada ya serikali kutangaza kwamba kuzaa ni bure. Pamba alijinunulia, na dawa ya kuanzisha uchungu pia. Vitanda vya leba vilikuwa vimejaa, akazalia sakafuni. Manesi wakamfokea, wakampiga makofi, wakamwambia abebe kondo lake arudi leba kwa miguu. Mahakama ilisema haki yake ya afya na heshima yake vilivunjwa, ikaamuru alipwe shilingi milioni 2.5. Ninachoipendea hukumu hiyo ni kwamba haikuishia kwa manesi. Serikali ya kaunti na ya kitaifa nazo zililaumiwa kwa kutotenga pesa na kutosimamia. Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja huduma za afya ya uzazi kwa jina, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Hata hivyo kwa nyamrerwa asizalie. Hofu yangu ni damu. Kondo likishatoka, tumbo la uzazi linaweza kukataa kukaza, na leso iliyokunjwa mara nne hulowa ukiwa bado unatafuta simu. Dawa ya kulikaza, oksitosini, ni sindano inayotunzwa kwenye friji. Nyamrerwa hana friji wala damu ya kuongezea.

Nendeni naye wiki hii, bado hana uchungu, kwenye kituo kingine akipendacho. Aione leba, amjue sista msimamizi kwa jina, aulize kama mtu wake ataruhusiwa kuingia naye. Wakikataa, jaribuni kwingine. Usajili wake wa SHA, bima ya afya ya serikali, uwe tayari, na dereva wa usiku muwe mmeshaelewana bei. Lile kofi nalo liandikieni malalamiko, tarehe na saa, kwa msimamizi wa hospitali, nakala kwa Baraza la Wauguzi. Barua aandike mwanao, maana naona ana nguvu za kulazimisha watu.

Na nyamrerwa msimnunie. Mwombeni siku hiyo aje naye, amsugue mgongo.