Miche ya zabibu kutoka Cape Town

SWALI: Shikamoo Mzee. Mume wangu ni baharia, na meli yake itatia nanga Cape Town mwezi wa Julai. Rafiki yake wa huko amemuahidi miche ya mizabibu yenye mizizi, nami nataka niipandishe juu ya chanja hapa uani. Jirani anasema huenda ikaja na mdudu wa mizizini. Mume wangu ametumiwa picha, anasema ni misafi kabisa. Nimsikilize nani? – Mama wa Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu. Msikilize jirani. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye mizabibu ya Stellenbosch, hukohuko karibu na Cape Town, na mdudu huyo, filoksera, namjua vizuri. Ni jamaa ya vidukari, wa manjano, hata milimita mbili hafiki. Wakati wa joto ukifukua mzizi mchanga utaona ncha imevimba na kupinda kama ndoana. Tazama kwa kioo cha kukuzia: jike amejibanza pale penye mpindo, mayai yamemzunguka. Hana haja ya dume, na kizazi hufuata kizazi mpaka baridi iingie.

Julai ndiyo baridi yenyewe huko. Wakubwa wamekufa, wamebaki watoto wadogo wa rangi ya kahawia, wamejificha kwenye nyufa za gome la mzizi, hawali wala hawatembei. Picha itawaonyesha wapi? Udongo ukipata joto la nyuzi 16 hivi, wanaamka. Sasa udongo wa Kisauni haushuki hapo mwaka mzima. Akishafika huku, hakuna baridi ya kumlaza.

Tena mche wenyewe utakuwa umenawiri hata mdudu akiwa ndani. Mdudu huyu alitoka Marekani akaangamiza mizabibu ya Ufaransa tangu miaka ya 1860, na Cape akagunduliwa 1886. Dawa ya kummaliza shambani haikupatikana, ndipo wakaanza kubebesha mizabibu yao juu ya mashina ya Kimarekani, ambayo mizizi yake humvumilia bila kufa. Inamlea tu.

Kweli mchanga mtupu humshinda, na pwani tunao. Lakini shoga yako wa bara akikuomba mche, akaupande kwenye udongo wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, je?

Kijiti kisicho na mizizi nacho chaweza kuficha yai chini ya gome. Mmea wowote kutoka nje unataka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya la afya ya mimea, kabla haujasafirishwa, pamoja na cheti cha afya cha huko utokako. Mpigie mumeo mapema, amshukuru rafiki yake na miche aiache hukohuko. Wewe nunua kwenye kitalu cha hapa chenye leseni.