Nano si bizari ya kutia kwenye seli ya sola

Swali: Shikamoo Dokta. Natengeneza seli za sola za oganiki kwa P3HT (polima, yaani plastiki ya minyororo mirefu, inayomeza mwanga) na PCBM (inayopokea elektroni), ufanisi wa kugeuza mwanga kuwa umeme umekwama kwenye asilimia 1. Nimeshauriwa niagize unga wa nano wa fedha niutie kwenye mchanganyiko. Niagize? – Mwanafunzi wa uzamili, Dar es Salaam

Jibu: Marahaba. Usiagize. Swali hili nalipata kila muhula, na anayewashauri hivyo anadhani nano ni kiungo kama bizari, ukitia mchuzi unakolea. Kwenye seli yako nano ni umbali. Mwanga ukiingia kwenye P3HT huzaa eksitoni, yaani elektroni na tundu lake (nafasi iliyoiacha) vikiwa bado vimeng'ang'aniana, na eksitoni haifiki mbali: nanomita 10 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), imekufa. Lazima ikutane na PCBM kabla ya hapo. Lakini ukizichanganya mpaka ziwe uji mmoja, elektroni iliyoachana na tundu lake inakosa pa kutokea, inarudiana nalo pale pale. Unahitaji vijia vyembamba visivyokatika hadi kwenye elektrodi. Fedha tupu ukiitia humo humeza eksitoni zako.

Anza na kiyeyushi na joto. Mwaka 2001 Sean Shaheen na wenzake, kwa polima nyingine, waliacha toluini wakatumia klorobenzini; ufanisi ukapanda kutoka asilimia 0.9 hadi 2.5. Mwaka 2005 kundi la Alan Heeger lilichukua P3HT na PCBM hizo hizo zako, likaipasha seli nyuzi 150 baada ya kuweka elektrodi, likafika karibu asilimia 5. Unga hawakutia. Itazame filamu yako, yaani ule utando mwembamba wa mchanganyiko: iliyokauka haraka huwa na rangi ya chungwa, na ikipata joto minyororo ya polima hujipanga, rangi ikakolea kuelekea zambarau. Umeliona badiliko hilo?

Kinachonikera zaidi ni wanaouza "maji ya nano" ya kupaka paneli za nyumbani, eti zizalishe umeme maradufu. Paneli hizo ni za silikoni, ambamo elektroni husafiri mamia ya mikromita (kila moja ni nanomita 1,000) bila shida. Tatizo la nanomita 10 halimo kabisa. Mama aliyejinyima akanunua paneli ya taa na kuchajia simu anauziwa chupa ya kitu asichokihitaji. Kinachomzibia mwanga juu ya bati ni vumbi, nalo hutoka kwa maji safi na kitambaa laini, asubuhi kabla kioo hakijapata moto.