Swali la Lugha: Behewa Linaloitwa Shark Tuliandikeje kwa Kiswahili?

Msomaji anayeandika kwa Kiswahili maelezo ya picha za zamani za reli za Uingereza ametuletea sentensi moja na maswali manne juu yake. Sentensi yenyewe ni hii: "Papa alikuwa bogi la mwisho katika treni ya kokoto iliyovutwa na injini ya daraja la 37." Picha yake inaonyesha behewa ambalo wafanyakazi wa reli wa Uingereza waliliita Shark. Anauliza kama amefanya vyema kulitafsiri jina hilo, kama upatanisho wa "alikuwa" ni sahihi, kama bogi na behewa ni kitu kimoja, na kama mashine inayovuta iitwe injini au kichwa cha treni. Nitaanza na jina, kwa sababu matatizo mengine kadhaa yanatokana nalo.

Majina ya namna hii yalizaliwa katika mawasiliano ya telegrafu. Kampuni ya Great Western Railway ilikuwa na mabehewa ya aina nyingi mno, na karani aliyetaka kuagiza behewa lenye kitako kilichoshushwa katikati kwa ajili ya mizigo mirefu kwenda juu, kama vile mitambo mikubwa ya umeme, hakuwa na nafasi ya kuyatuma maelezo yote hayo. Alituma neno moja tu, Crocodile, na aliyepokea akajua la kufanya. Mink lilikuwa behewa la kawaida lenye paa, Macaw lilibeba magogo na vyuma virefu, Siphon lilibeba maziwa, na Toad lilikuwa behewa la gadi lenye baraza upande mmoja. Baadaye, katika shirika la British Railways, mabehewa ya idara ya ujenzi na matengenezo ya njia yalijulikana zaidi kwa majina ya viumbe wa majini: Dogfish, Catfish, Mermaid, Grampus, Walrus, Sealion, Salmon, na hilo Shark la msomaji wetu.

Majina haya hayaelezi chochote kuhusu behewa. Behewa la Salmon halikubeba samaki, lilibeba reli. Ni alama za kutofautishia, na kazi yote ya alama ni kwamba kila moja iwe tofauti na nyenzake. Hapo ndipo tafsiri inapoiua. Dogfish ni papa mdogo, kwa hiyo mtafsiri atakayeliita Shark "Papa" atalazimika kuliita Dogfish "Papa" vilevile, au kubuni jina ambalo halikuwahi kutumiwa na mtu yeyote, ilhali Dogfish ni behewa la kumwagia kokoto na Shark ni behewa la kusambazia kokoto hizo. Hali ni mbaya zaidi kwa Mermaid na Seacow. Yote mawili yatakuwa "Nguva" kwa Kiswahili, kwa kuwa lugha yetu inamtaja kwa neno hilohilo mnyama wa baharini na yule kiumbe wa hadithi aliye nusu mtu nusu samaki. Lakini Mermaid lilikuwa behewa dogo lililoinamishwa ubavu ili kokoto zianguke kando ya njia, na Seacow ni behewa kubwa zaidi linalofunguka chini. Msomaji wa Mombasa au Tanga atakayesoma "Nguva" katika maelezo ya picha mbili ataamini kwamba anaona behewa moja. Kwa hiyo jina libaki lilivyo, kwa tahajia yake, na maelezo ya Kiswahili yafuate mara ya kwanza linapotajwa.

Namna ya kuliunganisha jina hilo na neno "behewa" inahitaji uangalifu pia. Kihusishi cha a-unganifu, katika maneno ya usafirishaji, humwelekeza msomaji kwenye kilichomo ndani: behewa la ng'ombe, behewa la saruji, lori la mchanga. Ukiandika "behewa la papa", mtu wa pwani ataona shehena ya papa wakavu, na atakuwa na haki yake. Andika "behewa aina ya Shark" au "behewa linaloitwa Shark". Utata huohuo unaikumba "treni ya makaa" na "treni ya mafuta", ambazo zaweza kuwa treni zinazobeba bidhaa hizo au zinazoendeshwa kwa bidhaa hizo. Kwa reli za Uingereza utata huo ni wa kweli kabisa, maana kwa miongo mingi injini zilizochoma makaa ndizo zilizovuta mabehewa yaliyojaa makaa. Tusione uvivu kuongeza kitenzi: "treni iliyobeba makaa", "injini inayotumia dizeli".

Swali la pili linajibiwa na hayo. Upatanisho unafuata kitu kinachotajwa, ambacho hapa ni behewa, katika ngeli ya li-ya. Shark lilifungwa mwishoni mwa treni. Shark halikufungwa peke yake. "Alikuwa" kungemfanya msomaji afikirie kiumbe mwenye uhai. Nawashauri waandishi waitaje nomino "behewa" mapema katika aya, ili "li-" inayofuata isionekane kama kosa la uchapaji.

Kuhusu bogi, jibu linategemea unaandika habari za wapi. Katika Kiswahili cha mazungumzo cha Kenya na Tanzania, "bogi" na "mabogi" ni mabehewa, na matumizi hayo hayana ubaya. India nako neno hilo hutumika hivyo. Nchini Uingereza, hata hivyo, bogi ni kile kiunzi cha magurudumu kilichofungwa chini ya behewa, ambacho huweza kugeuka kidogo ili behewa refu lipite kwenye kona. Tofauti hii ni muhimu sana katika habari za mizigo ya Uingereza, kwa sababu mabehewa mengi ya zamani hayakuwa na bogi hata moja: yalikuwa na ekseli mbili tu zilizofungwa moja kwa moja kwenye fremu. Mwandishi akisema "bogi lisilo na bogi" atakuwa amejifunga mwenyewe. Katika mada hii tumia "behewa" kwa chombo kizima, na ulihifadhi "bogi" kwa kiunzi cha magurudumu.

Niongeze jambo ambalo msomaji hakuuliza lakini picha yake inalihitaji. Shark lilikuwa pia behewa la gadi, na neno "gadi" tunalo katika lugha ya reli. Mabehewa ya makaa ya tani 16, ambayo British Railways iliyaunda kwa mamia ya maelfu, kwa sehemu kubwa hayakuwa na breki ambayo dereva angeweza kuiendesha kutoka mbele. Kila moja lilikuwa na mkono wa breki ubavuni. Kabla ya mteremko mkali treni ilisimamishwa, mabehewa yakapitiwa moja baada ya jingine, na mikono hiyo ikakandamizwa kwa gongo. Kisha treni ikashuka huku gadi akikaza breki ya behewa lake la nyuma. Ndiyo maana "behewa la gadi" linafaa kuliko "behewa la breki", ambalo mtu anaweza kulidhania kuwa limebeba vipuri. Shark lenyewe lilikuwa na kazi ya ziada: chini ya sakafu yake, mbele na nyuma, kulikuwa na jembe la chuma. Mfanyakazi aliyesimama kwenye jukwaa la Dogfish alizungusha usukani, mlango wa chini ukafunguka, kokoto zikamwagika katikati ya reli au pembeni, na Shark lililofuata nyuma likazisawazisha kwa jembe hilo juu ya mataruma, treni ikiwa inaenda polepole.

Neno "daraja" nalo ningelibadilisha. Kwa abiria wetu, daraja la kwanza na la pili ni habari ya kiti na nauli. Mashine ziitwe kwa "aina": aina ya 37, ambayo ziliundwa 309 kati ya mwaka 1960 na 1965 na zikafanya karibu kila kazi, na aina ya 66, iliyoanza kuingia Uingereza mwaka 1998 kutoka Kanada na kuenea kwenye treni nyingi za mizigo. Namba peke yake haitoshi unapoandikia Afrika Mashariki. Aina ya 59 ya Uingereza ni mashine za dizeli, na za kwanza, zilizofika mwaka 1986, zilinunuliwa na kampuni ya mawe ya Foster Yeoman kuvuta treni nzito kutoka machimbo ya Somerset. Aina ya 59 ya Reli za Afrika Mashariki ni zile injini kubwa za mvuke za Garratt, 34 kwa jumla, zilizoundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima yetu. Mojawapo, Mount Gelai, imehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli ya Nairobi. Taja reli yake kwanza, kisha namba.

Sentensi ya msomaji ningeiandika hivi: "Behewa la mwisho katika treni hii iliyobeba kokoto ni la aina ya Shark, yaani behewa la gadi lenye jembe la kusambazia kokoto, na treni inavutwa na mashine ya aina ya 37."

Mambo ni tofauti pale jina la Kiingereza linapoeleza kazi. Hapo tafsiri ni wajibu. Kuanzia miaka ya 1960 treni zilichukua makaa mgodini, zikaingia kwenye kitanzi cha reli ndani ya kituo cha kufua umeme, zikamwaga makaa bila kusimama, kwa mwendo wa chini kuliko wa mtu anayetembea, zikarudi mgodini. Waingereza waliziita kwa jina la bembea ya kuzunguka ya watoto, nasi tuna "treni za mzunguko", linaloeleweka bila msaada. Tafsiri ya sauti, kwa upande mwingine, inaweza kupotosha. Kasha linalobeba fueli ya nyuklia iliyokwisha kutumika hadi kituo cha nyuklia cha Sellafield huitwa na Waingereza kwa neno ambalo kwetu limekuwa "flaski", na flaski kwetu ni chombo cha chai. Kasha hilo lina uzito wa takriban tani 50. Tarehe 17 Julai 1984, huko Old Dalby, kasha la aina hiyo liliwekwa kwenye njia na kugongwa makusudi na treni iliyokuwa katika mwendo wa kilomita 160 hivi kwa saa, nalo halikupasuka. Liitwe "kasha la chuma la fueli ya nyuklia", na jambo lote litapata uzito unaostahili.

Limebaki swali la injini na kichwa cha treni. Magazeti ya Tanzania yamelikubali "kichwa cha treni" kiasi kwamba huandika "vichwa vya treni vimewasili bandarini" pasipo behewa hata moja nyuma yake, na mimi nalitumia bila shaka kwa mashine inayovuta, nikiacha "injini" kwa mtambo ulio ndani yake. Kwa mashine za mvuke naona "injini ya mvuke" imekwisha kukaa masikioni mwa watu, na haifai kuing'oa. Ila pana mahali ambapo "kichwa" kinagoma. Katika mlima wa Lickey, karibu na Bromsgrove, reli inapanda mita moja kwa kila mita 37.7 kwa zaidi ya kilomita tatu, na treni nzito za mizigo husukumwa kutoka nyuma. Kuanzia mwaka 1919 hadi 1956 miongoni mwa zilizofanya kazi hiyo ilikuwa injini moja ya mvuke yenye magurudumu kumi ya kusukuma, iliyopewa jina la utani Big Bertha. Kuandika kwamba kichwa cha treni kilikuwa mkiani ni kumchosha msomaji bure. Hapo andika "injini ya kusukumia", katika ngeli ya i-zi: Big Bertha ilisukuma, wala haikuvuta.