Anaota meno tu, haumwi

Wiki iliyopita nilikuwa Iganzo, hapa Mbeya, nikamkuta kijana wa uzamivu, kishikwambi mkononi, anamuuliza mama anayemenya viazi: "Kaya yako inatumia miundombinu ipi ya usafi wa mazingira?" Mama akamtazama, akatazama kishikwambi, akajibu, "Ndiyo." Kijana akabonyeza, akaaga. Nilitaka kucheka, lakini "ndiyo" za namna hiyo nimezijaza kabatini kwangu.

Wadogo zangu mnaochanganya afya, lugha na mipango miji kwenye andiko moja la utafiti, haya ya kukusanya data mitaani ni yenu.

1. Vibali. Kibali cha maadili kinamtosha msimamizi wako, si mwenyekiti wa mtaa. Barua ishuke mkoa, jiji, kata, mtaa. Ngazi utakayoruka ndiyo itakayokurudisha.

2. Dodoso. Hapa niliungua. Nilikuwa natafuta kama choo cha shimo cha jirani wa juu, kule kwenye miteremko ya Loleza nyumba zilikobanana bila kupimwa, kinamfikia mtoto wa jirani wa chini. Dodoso la Kiingereza nililitafsiri mwenyewe usiku mmoja, kwa kiburi cha mtu aliyepata A ya Kiswahili kidato cha nne. Swali la 27: "Je, katika wiki mbili zilizopita, mtoto wa chini ya miaka 5 aliugua ugonjwa wa kuharisha?" Sanifu kabisa. Kaya 312. Walioharisha, 4.

Nikaanza kuandika kwamba vyoo vya mlimani havina neno. Nilifika ukurasa wa 9. Msimamizi akauliza kitu kimoja: masika yote yale, wanne?

Nikapanda tena Jumamosi, nimeukasirikia mlima. Nyumba ya kwanza, mtoto wa miezi minane, kamba imejaa nepi za kitambaa.

"Mama, mtoto hakuharisha?"

"Hapana, anaota meno."

"Choo anapata mara ngapi?"

"Leo? Mara tano, maji matupu. Ni meno tu, yataisha."

Kwa Shirika la Afya Duniani, choo chepesi mara 3 au zaidi kwa siku ni kuharisha, meno yawepo yasiwepo. Mimi niliuliza ugonjwa, na akina mama wakanijibu kwa ukweli wote kwamba hakuna mgonjwa. Ningeuliza choo kilikuwaje na mara ngapi, basi.

Kilichoniuma zaidi ni msaidizi wangu, binti wa Kinyakyusa aliyekulia mtaa uleule. Alijua tangu nyumba ya tatu. Mbona hukusema? "Kaka, ulituambia tusome swali kama lilivyoandikwa." Kweli nilisema. Niliandika hata kwenye mwongozo, kwa herufi kubwa. Kuzirudia kaya zile kulinila miezi mitano na mkopo wa Saccos ambao mke wangu bado anautaja tukiwa na wageni.

Kwa hiyo jaribuni dodoso kwa kaya chache nje ya sampuli, na wasaidizi mwaambie wabishe. Ile ya kumpa mtu mwingine alirudishe kwenye Kiingereza ni nzuri, ila mimi isingenikamata: Kiswahili changu hakikuwa na kosa.

3. GPS, kile kifaa cha kunasa mahali nyumba ilipo. Usisimame kimya mbele ya nyumba ya mtu na kifaa kinachomemeteka. Mahali pasipopimwa, anayepima bila kusema ni bomoabomoa. Mzee mmoja alinifuata hatua kwa hatua akitaka kujua X nyekundu nitaichora ukuta upi. Nikamwambia mimi ni wa afya. "Hata wale wa barabara," akasema, "walianza kwa kusalimia vizuri."

4. Mwezi wa 6 beba sweta. Uyole si Dar.

Yule kijana wa Iganzo nilimfuata mwishowe, yuko nyumba ya saba. Nikamuuliza kama ana msaidizi wa mtaa huu. Akaninyooshea kidole binti aliyekaa kwenye ngazi, kimya, anakula hindi la kuchoma.