Behewa la brasi linayumba relini? Usilitupe, yeyusha solda

Mkuu, umesema behewa lako la modeli ya treni uliloliunga mwenyewe kwa brasi, lile la makaa la tani 16 la chuma la Waingereza, skeli ya mm 4 kwa futi (yaani kila futi ya behewa halisi ni mm 4 kwako), boksi limekaa mshazari na gurudumu moja linaning'inia haligusi reli, na unafikiria kulitupa. Usitupe bana. Raha ya brasi ni kwamba solda (ile risasi laini ya kuungia) ukiirudishia moto inaachia, sio kama gundi ya plastiki ambayo ikishashika imeshakula plastiki yenyewe na hakuna kurudi nyuma.

Anza na chesisi, boksi liache kwanza. Iweke juu ya kipande cha kioo, sio juu ya meza maana meza nyingi zina mabonde. Alafu pima kati ya ekseli na ekseli, pande zote mbili: kwenye behewa halisi hapo ni futi 9 so kwako inatakiwa mm 36 kulia na mm 36 kushoto, zikipishana basi ekseli moja imekaa upande na utahangaika nayo kwenye kila kona. Kingine, angalia vile vishikio vya ekseli. Seti nyingi za aina hii ekseli moja unaifunga kabisa na ya pili inatakiwa ibembee kwenye waya uliopita katikati, ndio inakuwa kama mafiga, yakiwa matatu chungu hakiyumbi hata ardhi ikiwa mbaya. Watu wengi wanazifunga zote mbili wakidhani ndio uimara, na brasi hainyumbuliki kama plastiki, ndio hapo gurudumu la nne linabaki hewani. Kama reli yako ni ya upana wa OO, yaani mm 16.5 kati ya reli na reli, unaweza kuponea maana ukingo wa gurudumu ni mrefu, ila kwenye upana wa P4, mm 18.83, ukingo ni mdogo sana, hapo ekseli isipobembea linaanguka tu.

Sasa boksi. Ile shiti ya brasi ya kwenye seti kiwandani imekatwa kwa kuliwa na asidi, palipokatika imeliwa pande zote mbili na kwenye mistari ya kukunja imeliwa upande mmoja tu. Kwa kuwa asidi imeingia toka juu na chini, kwenye kingo pale katikati kunabaki kinundu chembamba ambacho kwa macho huwezi kukiona vizuri lakini pita na kucha utakisikia, usipokitoa kwa tupa kona hazikutani sawasawa na boksi linaenda mshazari, na nina hakika kubwa ndicho kinachokusumbua. Mstari wa kukunja unakaa ndani ya kona, ukikunja kinyume kona inaacha mwanya. Na ribiti zile zinazobonyezwa kwa nyuma zibonyeze kabla hujakunja chochote, shiti ikijikunja kidogo ilaze uipitishie kitu cha mviringo.

Kuhusu moto, hiyo pasi ndogo ya solda ya wati 15 ya kutengenezea redio ndio inakufanya ukae sana sehemu moja, joto linasambaa, bati linapinda na solda haijatembea bado. Brasi inakimbiza joto haraka (nikeli silva, ile metali nyeupe ya shaba na nikeli, haikimbizi hivyo, ndio maana wengi tunaipenda). Chukua ya wati 50 yenye ncha pana, flaksi (dawa ya kusafisha metali ili solda ishike) ya asidi ya fosforiki, solda inayoyeyuka kwa nyuzi 145, unagusa sekunde mbili tatu unatoa. Dirisha wazi tafadhali, ule moshi sio wa kuvuta.

Usijaze kona nzima kwa mkupuo. Bandika nukta moja kila kona, weka skwea, kama sio sawa yeyusha nukta moja sogeza, ikikaa ndio unatembeza solda kwa ndani. Ukimaliza kazi ya siku sugua na mswaki na sabuni ya vyombo, ukiilaza na ile flaksi asubuhi unakuta ukijani na rangi haishiki.

Bafa (vile vigongeo vya mwisho wa behewa) na maboksi ya ekseli kama ni ya ile metali nyeupe laini ya kumiminwa ni ya mwisho kabisa kubandika, pasi ya moto inaziyeyusha zinageuka tone mbele ya macho yako. Pale zinapokaa paka kwanza solda ya 145 kwenye brasi, alafu punguza moto utumie solda ya nyuzi 70. Ila usiziguse mpaka chesisi ikae sawa kwenye kioo.