Gari linakwaruza asubuhi ya baridi: kabla ya kufungua cheni, hesabu sekunde

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, mwaka huu nimehamishiwa Makete nikitokea Dar es Salaam. Gari langu ni Toyota IST, injini ya 1NZ, limeshatembea kilomita 168,000. Dar halikuwa na kelele yoyote. Tangu Juni, kila asubuhi nikiwasha linatoa mlio mkali wa "krrr" upande wa mikanda, kama sekunde 2 hivi, kisha unakatika. Hapo inabaki tiki-tiki juu ya injini kwa dakika kama 5, na mkanda nao unapiga kelele nikiwasha taa. Likishapata moto, kimya kabisa. Fundi wa hapa anasema cheni ya taiming imelegea, anataka kufungua injini kwa mbele. Mwingine amesema injini imechoka, nitafute nyingine. Oili ninayoweka ni 20W-50, Dar niliambiwa gari lililotembea sana linataka oili nzito. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Anza kwa kutomruhusu mtu yeyote kufungua cheni wiki hii. Kwenye 1NZ, kufika kwenye cheni, ile inayozungusha kamshafti za juu, ni kuondoa kava lote la mbele, kazi ya siku nzima na kuziba upya kwa silikoni, na kwa maelezo yako sioni sababu ya kufika huko bado.

Umenipa kitu ambacho wateja wengi hawanipi: muda. Sekunde 2, dakika 5, kimya likipata moto. Milio ya baridi hujulikana kwanza kwa saa, sikio linafuata. Unachoniandikia ni milio mitatu tofauti iliyokutana asubuhi moja, na kila mmoja una chanzo chake.

Tuanze na krrr. Injini yako ina VVT-i, mfumo unaobadilisha wakati wa kufunguka kwa valvu. Kwenye ncha ya kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, ya upande wa kuingiza hewa, kuna gia yenye vyumba vidogo ndani yake, na presha ya oili ndiyo inayoisogeza. Ukizima gari, pini ndogo huifunga gia hiyo isicheze mpaka oili ifike tena. Pini ikiwa imelika kidogo, au oili ikichelewa, mbawa za ndani hugonga kuta za vyumba vyake, nawe unasikia kama mtu anakwaruza bati. Presha ikifika, mlio unakatika ghafla. Cheni iliyolegea kweli haina adabu hiyo. Utaisikia ikichapa kava hata gari likiwa na moto, hasa ukikanyaga mafuta kisha ukaachia, na mara nyingi taa ya injini huwaka kwenye dashibodi.

Kwa nini oili ichelewe Makete na isichelewe Dar? Kesho alfajiri, kabla hujawasha, chomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, uiinue mbele ya macho yako. Utaona tone linavyoning'inia kwenye ncha, linarefuka polepole kama asali kabla ya kukatika. Rudia jioni gari likiwa limetoka safari, tone litaanguka upesi. Tarakimu iliyo kabla ya W kwenye kopo inaeleza oili itakavyokuwa ikiwa baridi, na ile ya baada inaeleza itakavyokuwa kwenye nyuzi 100. Ile 20W haikukusumbua Dar kwa sababu huko hata usiku wa Julai ni wa joto. Wewe sasa unaamkia sakitu kwenye majani, na oili hiyohiyo inatakiwa kupenya vijitundu vyembamba vya VVT-i ndani ya sekunde moja. Watengenezaji wa injini hii wameandika 5W-30, na hawakukosea.

Mtuhumiwa wa pili ni filta, na huyu ndiye ninayemkamata mara nyingi zaidi. Ndani ya filta nzuri kuna kiwambo cha mpira kinachozuia oili isirudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, usiku. Julai moja niliwahi kuletewa gari lenye mlio kama wako, mwenyewe ameshaanza kutafuta injini ya kubadilisha. Nilitoa filta nikaikata kwa msumeno wa chuma mbele yake. Kile kiwambo, ambacho kinapaswa kukunjika kwa kidole kama sikio lako, kilikuwa kigumu kama kifuniko cha chupa, kimejipinda upande mmoja. Oili yote ya juu ilikuwa ikishuka kila usiku. Tuliweka filta halisi na oili nyepesi, na asubuhi ya pili mlio haukuwepo. Nilimwachia filta iliyokatwa aondoke nayo, maana alikuwa ameumia sana kwa yale aliyokuwa ameambiwa.

Kuna jaribio la kuthibitisha kabla hujanunua chochote. Asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, chomoa fyuzi iliyoandikwa EFI kwenye kiboksi kilicho kando ya injini. Piga stata sekunde 5. Haitawaka, lakini pampu itakuwa inasukuma oili. Pumzisha betri nusu dakika, piga tena sekunde 5. Rudisha fyuzi, washa. Kama krrr haikuja, tatizo ni oili kuchelewa kufika, na tiba yake ni oili na filta. Kama imekuja vilevile, huenda gia ya VVT-i yenyewe imelika, na hapo tutazungumza kuifungua, ingawa hata hiyo ni habari ya gia moja, si ya injini nzima.

Nikuonye jambo moja kuhusu kubadilisha oili. Oili nzito huficha uchakavu. Ukiweka 5W-30 kwenye gari lenye kilomita zako, linaweza kuanza kula oili kuliko mwanzo. Kwa hiyo mwezi mmoja wa mwanzo pima oili kila Jumamosi, gari likiwa sehemu tambarare. Ukiona linapungua sana, panda hadi 10W-40. Lakini 20W-50 huko juu, hapana.

Tiki-tiki ya dakika 5 hainitishi. Chukua kipande cha mpira wa maji, kama mita moja, weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe taratibu juu ya kava la tapeti, lile la juu kabisa ya injini, kisha kwenye maungio ya egzosi. Funga mikono ya shati na ukae mbali na mikanda. Ikisikika zaidi juu, ni nafasi ya tapeti, nayo hurekebishwa kwa kupima, bila haraka. Ikisikika kwenye egzosi kama mtu anatema hewa, na ukaona masizi meusi kwenye ungio, gasketi inavujisha. Chuma kikipata moto kinatanuka na kuziba upenyo, ndiyo maana mlio unapotea. Hiyo ya egzosi usiiache, moshi wake usije ukaingia ndani ya gari ukiwa umefunga vioo kwa baridi.

Mkanda ni kitu kidogo. Ukishawasha gari, alternata inafanya kazi kubwa kurudisha chaji iliyoliwa na stata, nawe unaongezea taa. Mwagia maji kidogo upande wa ndani wa mkanda injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta. Mlio ukizidi, mkanda umelegea, ukazwe. Ukikoma kidogo halafu ukarudi, angalia kama puli zimekaa kwenye mstari mmoja, au mkanda wenyewe umekuwa mgumu na kung'aa. Na ukiwa hapo mbele, tazama rediata: kama ulitoka Dar na maji matupu, weka kulanti nusu kwa nusu kabla ya usiku mwingine wa sakitu.

Mlio wa kuogopa huwa na tabia ya kinyume. Gari liko shwari asubuhi, likipata moto linaanza kugonga kwa uzito chini, "ko, ko, ko", na kugonga kunaongezeka ukipanda mlima. Hiyo ni beringi ya konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki, kwa sababu oili moto ni nyepesi na haishikilii tena nafasi iliyolika. Ukiisikia, au taa nyekundu ya oili ikiwaka na kubaki, zima hapohapo barabarani, uvutwe. Kwako haipo.

Kwa sasa, ukiwasha usikanyage mafuta. Sailensa itakuwa juu yenyewe, kwenye 1,200 au 1,500, hivyo ndivyo ilivyotengenezwa. Subiri nusu dakika mpaka dakika moja, ondoka polepole, na usikanyage mafuta sana mpaka injini ipate moto.

Fanya jaribio la fyuzi kesho. Asubuhi itakayofuata nirekodie sauti: simu iwe juu ya fenda, boneti wazi, anza kurekodi kabla hujagusa ufunguo, uache mpaka tiki-tiki iishe. Sekunde 3 za mwanzo ndizo ninazozitaka zaidi.