Kabla Hujatuma Hiyo "Mbegu", Soma Kutoka 16

Wiki hii nimepata ujumbe wa dada mmoja wa Maweni, hapa Malindi. Ni mama karanga: asubuhi hununua tafi na changu vyombo vikirudi, akakaanga, jioni akauza kando ya barabara. Tangu mwezi wa tano biashara imelala. Mtumishi mmoja amemwambia riziki yake imefungwa kwa sababu hajatakaswa. Afunge siku 21, na atume "mbegu", yaani sadaka ya kufungulia baraka, ya shilingi 5,000 kwenye namba ya simu. Pesa hana, anafikiria kuikopa kwenye simu hiyohiyo. Anauliza, akope?

Dada yangu, usikope, wala usitume. Na kwa kuwa najua msimu huu hukuandikiwa peke yako, jibu naliweka hapa mlisome wengi.

Tuanze na lile ambalo hata mtoto wa mvuvi analijua. Mwezi wa tano kusi, ule upepo mkali, imeshika. Bahari imechafuka, mitumbwi midogo haithubutu kuvuka mwamba, samaki wameadimika na bei imepanda. Wakati huohuo hoteli zimepunguza watu, na mteja wako wa jioni ndiye yule mpishi au mtunza bustani aliyerudishwa nyumbani mpaka msimu ufunguke. Unanunua ghali, unamuuzia asiye na kitu. Hiyo ni kusi, haina uhusiano wowote na laana. Anayeuza dawa ya laana kila mwezi wa tano hapa Malindi anaijua kalenda kuliko anavyoyajua Maandiko.

Sasa fungua kitabu cha Kutoka, mlango wa 16, uangalie tarehe. Wana wa Israeli walifika jangwa la Sini siku ya 15 ya mwezi wa pili tangu watoke Misri, na mana, chakula kilichotoka mbinguni, ikaanza hapo. Sinai walifika mwezi wa tatu, mlango wa 19, na Amri Kumi ziko mlango wa 20. Walilishwa kabla ya zile mbao za mawe. Tena walilishwa huku wakinung'unika na kuzililia sufuria za nyama za Misri. Hakuna aliyefunga ili mbingu zifunguke, hakuna aliyetanguliza sadaka. Anayekwambia utakatifu ndiyo bei ya riziki ameigeuza habari hii kichwa chini miguu juu.

Utakatifu unaingia chakula kikishafika chini, nao unaingia kwa kipimo. Kila kichwa pishi moja, yaani sehemu ya kumi ya kipimo kiitwacho efa; pishi hiyo hukadiriwa kuwa kama lita 2. Aliyeokota kingi hakikumzidia, aliyeokota kidogo hakikumpungukia. Kisilale mpaka asubuhi, na waliokilaza kikatoa mabuu na kunuka. Siku ya sita waliokota pishi mbili, wakaoka, wakatokosa, wakaweka, na hicho hakikuoza. Waliotoka siku ya saba kwenda kutafuta walirudi mikono mitupu.

Wengi huishia kwenye mabuu, wakahubiri kwamba kuweka akiba ni kukosa imani. Hao hawajafika mstari wa 22. Akiba ya kupumzikia iliamriwa. Iliyooza ni ile iliyofichwa kwa woga. Na kwa mama karanga siku ya sita inajulikana: ni msimu wa upepo wa kaskazi, Desemba mpaka Machi, bahari imetulia, samaki tele, wageni wamejaa. Fungu la kusi huwekwa wakati huo. Jioni ukishahesabu, toa mtaji wa kesho, toa chakula cha nyumbani, na kinachobaki kigawe, sehemu iende mahali ambapo huwezi kuitoa kwa simu ukiwaka hamu ya bando. Samaki wakiwa rahisi kupita kiasi, usiwakaange wote, fanya ng'onda, yaani samaki wa kukausha kwa chumvi na jua. Mpasue samaki, mtoe matumbo, mwoshe damu yote mpaka maji yatoke safi, umpake chumvi kilo 1 kwa samaki kilo 3, alale na chumvi yake usiku kucha, kisha umwanike kwenye chanja iliyoinuka, si mchangani, umfunike wavu kwa ajili ya nzi. Jua kali la siku tatu nne linatosha kwa samaki wembamba. Wenye mafuta mengi kama vibua usiwaweke muda mrefu, maana mafuta huchacha hata chumvi ikikolea.

Nije kwenye utakatifu wenyewe, kwa sababu hapa ndipo ninapopatwa na hasira. Walawi 19 inaanza: "Mtakuwa watakatifu, kwa kuwa mimi, BWANA, Mungu wenu, ni mtakatifu." Wahubiri husoma hapo, hufunga kitabu, huanza kukemea nguo za kina dada. Endelea kusoma! Mstari wa 9 na 10: usivune mpaka pembeni mwa shamba, mwachie maskini na mgeni. Mstari wa 13: ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Mstari wa 35 na 36: mizani ya haki, mawe ya haki, efa ya haki, hini ya haki, yaani vipimo vya nafaka na vya mafuta. Yote hayo yamo ndani ya amri ileile.

Chukua kibaba, kile kikopo cha kupimia nafaka. Kibaba kina njia zake za kuiba, na kila aliyelelewa sokoni anazijua. Kitako kimegongwa kutoka nje kikaingia ndani. Au karatasi ngumu imekatwa duara ikalazwa chini, nafaka ikaifunika. Au kibaba ni kizima kabisa, lakini muuzaji anamimina haraka kutoka juu, punje zinasimama bila kutua, kisha anafuta kwa kiganja kilichokunjwa kidogo na kuchota tena kile kilichojaa. Mwenye kumcha Mungu anamimina taratibu, anakigonga kibaba mezani mara mbili, anafuta kwa kijiti kilichonyooka.

Mizani ya kuning'iniza nayo ina siri zake. Itazame ikiwa tupu: sindano isimame kwenye sifuri. Kisha jaza chupa ya maji ya lita 1, uifunge, uitundike. Isome kilo 1 na gramu chache za chupa yenyewe. Ikisoma kilo 1 na robo, basi kila anayekulipa kilo anaondoka na gramu 800. Unaweza kukesha kanisani Ijumaa nne mfululizo, na hizo gramu 200 zitakuwa bado zimo kwenye sufuria yako. Ipeleke kwa maofisa wa vipimo ikarekebishwe na kupigwa muhuri.

Na samaki wa jana? Kumkaanga mara ya pili na kumuuza kama wa leo ni uongo, na tena kuna hatari. Vibua na jodari waliolala bila barafu hufanya sumu ambayo moto hauiondoi. Mla atawashwa mwili, uso utakuwa mwekundu, kichwa kitauma, pengine atahara. Mwambie mteja ukweli na bei yake, au usimuuze kabisa. Kijana anayekutolea magamba mlipe jioni hiyohiyo. Na pembe ya shamba lako ni samaki mmoja mzima, si kichwa na mkia, kwa anayepita bila pesa.

Ukitaka kuona Mungu anavyomtoa mtu kwenye deni, nenda 2 Wafalme 4:1-7, usome kama unavyosoma maelezo ya kazi. Mjane ana deni, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakumuuliza ana dhambi gani. Alimuuliza ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta tu. Akaambiwa aazime vyombo vitupu kwa majirani, tena visiwe vichache, ajifungie ndani na wanawe, amimine. Vyombo vilipokwisha, mafuta yakakoma. Kisha: uza mafuta, lipa deni, wewe na wanao mle kilichobaki. Uangalie utaratibu huo. Deni linalipwa kabla ya matumizi, na nabii hatajwi kuchukua hata tone. Mlango unaofuata, Naamani, jemadari aliyeponywa ukoma, anamletea Elisha zawadi, naye Elisha anazikataa. Gehazi, mtumishi wa Elisha, anamkimbilia Naamani njiani kwa uongo, anapata talanta mbili za fedha na mavazi, na anarudi nyumbani na ukoma. Habari ya Gehazi sijaisikia ikisomwa siku ya kupanda mbegu.

Watakuletea mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17, aliyebakiwa na unga kidogo tu, kwamba nabii Eliya alimwambia "nifanyie kwanza mkate mdogo". Ni kweli alisema. Lakini soma mstari wa 15: nabii alikaa nyumba ile akala pamoja nao siku nyingi, kutoka pipa lilelile la unga. Mtumishi anayetaka mkate wa kwanza na aje akae Maweni, ale sima na dagaa mpaka mvua zikatike.

Watakuletea Malaki 3:10 pia, ule wa kuleta zaka kamili ghalani. Rudi nyuma mistari mitano tu. Katika 3:5 Mungu anasema atawashuhudia vikali wanaomwonea mwajiriwa katika ujira wake, na mjane, na yatima. Ghala la mstari wa 10 lina kazi, ili kiwemo chakula, na katika Kumbukumbu la Torati 14:28-29 zaka ya mwaka wa tatu ililiwa na Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Mjane yuko upande wa kupokea.

Sipingi sadaka. Kanisa lina bili ya stima, na mchungaji ana watoto wa shule. Ila tutoe kwa hesabu. Fungu la kumi hutolewa katika mavuno, na mavuno ya mfanyabiashara ni faida. Tuseme leo umeuza 3,000. Samaki 1,800, mafuta 300, makaa 200, kibarua 200. Faida ni 500, zaka ni 50. Anayekutoza 300 kwa kuhesabu mauzo anakula mtaji wako, na baada ya wiki chache utakuwa huna biashara ya kutolea zaka. Ukijiwekea jioni kwa jioni kwenye bahasha, hutahangaika Jumapili. Ndivyo Paulo alivyoelekeza katika 1 Wakorintho 16:2, kila mtu aweke akiba kwake kwa kadiri ya kufanikiwa kwake. Na ya mkopo haimo, maana 2 Wakorintho 8:12 inasema kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo.

Sisi tunaoshika daftari la sadaka nasi tuna wajibu wetu. Wahesabuji wawe watatu, wasiwe wa nyumba moja. Noti zihesabiwe mara mbili, kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, wote watie sahihi, na pesa ziende benki siku ya kwanza ya kazi. Namba ya malipo iwe ya kanisa, kwa jina la kanisa, si simu ya mtu. Nehemia 13:13 inataja watu wanne juu ya ghala. Paulo naye, katika 2 Wakorintho 8:20-21, hakukubali kubeba changizo peke yake, ili asilaumiwe. Mtume Paulo alijiwekea mashahidi. Huyu wa leo anakasirika akiombwa risiti.

Imebaki hiyo mifungo. Malindi hatuna ruhusa ya kulizungumza jambo hili kijuujuu. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, watoto wakiwemo, baada ya watu kuambiwa wafe njaa ili wakutane na Yesu. Kwa hiyo mtu akikupangia siku 21, muulize amezitoa wapi. Zimetoka Danieli 10:2-3, na pale Danieli aliacha chakula kitamu, nyama na divai kwa majuma matatu. Haikuandikwa kwamba aliacha kula, wala kwamba aliacha maji.

Wewe unasimama juu ya jiko la makaa kwa muda wa saa nne au tano katika joto la pwani. Usifunge maji hata siku moja ya kazi. Ukitaka kufunga, chagua siku usiyokaanga, uanze na siku moja, usipite jioni. Wakatoliki wana utaratibu wa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili na miwili midogo isiyofikia ule mmoja, kwa wenye umri wa miaka 18 mpaka 59. Huo unamfaa hata asiye Mkatoliki. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari, anayetumia dawa za kila siku za TB au za kupunguza virusi vya Ukimwi, wote hao wale. Mtoto asifungishwe. Ukiona kizunguzungu, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa, fungua hapo hapo kwa maji na uji mwepesi, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Na mfungo wa Isaya 58:7 una matumizi yake: kumgawia mwenye njaa chakula chako. Pesa ya chakula cha mchana ulichokiacha, iwe 100 au 150, usiirudishe kwenye mfuko wa mtaji. Inunulie unga na sukuma, upeleke nyumba ambayo jiko halikuwashwa leo, kabla wewe hujala.